Mwalimu Mlezi wa Bochaberi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Basi nimepewa mtoto wa kulea. Ana miaka ishirini na sita, begi mbili na mwavuli — mwavuli, Pate hii, kwa upepo huu! Jina lake Bochaberi, kwao Kisii, ajira yake ya kwanza. Bwana Abdulqadir, mwalimu mkuu wetu, kaniita ofisini, kanisukumia faili ya manjano. Wewe ndiye mkongwe hapa, Bi Hindu, asema, wewe ndiye utakuwa mwalimu mlezi wake. Mkongwe! Nina arobaini na saba tu. Nikacheka kwa meno.

Kazi ya mlezi ni hii: wiki ya kwanza nimpe mafunzo elekezi, yaani nimjulishe shule, kazi na mji. Halafu nikae nyuma ya darasa lake nimtazame akisomesha. Mwisho wa muhula niandike tathmini. Ikiwa nzuri, anathibitishwa kazini. Ikiwa mbaya, anarudi kwao na mwavuli wake.

Nilikuwa na maneno ya kukataa, nimeshayapanga ulimini. Ndipo Mkuu akashusha sauti: ile nafasi ya naibu mwalimu mkuu kule Amu, Lamu mjini, wanaoiomba watatakiwa waoneshe wamelea mwalimu mpya. Nikaichukua faili kwa mikono miwili. Miaka tisa navuka kuja Pate Jumapili, narudi Ijumaa. Nyumba yangu iko Wiyoni, huko huko Amu, na mimi ni mgeni humo! Barka, mume wangu, siku hizi ananionesha chumvi iko wapi.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika botini, mwandiko uniwie radhi.

Kesho harusi ya Nasreen, binti wa dada yangu. Mkuu kanipa ruhusa, boti yaondoka gatini Mtangawanda saa nane. Saa sita na nusu nakumbuka — fomu ya mafunzo elekezi i tupu! Mistari kumi na mitano, na Mkuu aitaka leo. Nikamwita Bochaberi mbio mbio. Maadili ya kazi: tumesema. Ratiba: tumesema. Usalama wa watoto: tumesema nusu. Mstari wa tisa: lugha na mila za wenyeji. Nikatazama saa. Nikatia alama.

Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa, namwambia. Akauliza, Madam, hii ya tisa tumefanya? Nikamjibu, mwanangu, mila utaziona kwa macho, na lugha ni Kiswahili, kwani hukukisoma shuleni? Akacheka, akatia sahihi. Nje bodaboda ananipigia honi kama anayedai mahari.

Nimeiwahi boti wakifungua kamba. Alhamdulillahi. Hina yangu bado, nguo iko kwa fundi, na mamake Nasreen ameshapiga simu mara sita.

Jumanne, 20 Mei

Leo nimemtazama akisomesha. Gredi ya Nne, hisabati. Nimekaa nyuma natafuta kosa, kwa kuwa kiti kilikuwa kibovu na mimi sina subira. Sikulipata.

Kawaambia watoto wapime dawati kwa shibiri. Kila mmoja na kiganja chake, kelele tupu. Halafu kamwuliza Razan, mbona shibiri zako kumi na mwenzako nane, dawati si lile lile? Razan ni bintiye Bi Rawiya, mwembamba, ana pumu, mdomo cherehani. Kajibu: kwa sababu yeye mkono wake wa baba mtu! Darasa likaangua kicheko. Bochaberi naye akacheka, kisha ndipo akatoa rula. Yaani walikuwa wameshaitamani rula kabla hawajaiona. Miaka ishirini na mbili nasomesha vipimo, na sikuwahi kufikiria hilo. Nimempa alama zote. Nimeona wivu kidogo — haya, nimeliandika.

Kitu kimoja tu. Watoto wakihesabu “moya, mbili”, yeye awarekebisha, semeni moja. Wanasema moja, wakigeuka wanasema moya. Baada ya kipindi kaniuliza, Madam, mbona wanasema moya? Likanichoma, sijui kwa nini. Nikamwambia hiyo moya ilikuwapo kabla ya moja yenu. Akasema samahani, nifundishe basi. Nikasema siku moja tutakaa.

Lakini si leo. Siku mbili hizi nina karatasi za naibu za kujaza.

Jumatano, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mapumziko ya saa nne na nusu. Mimi nilikuwa jengo la pili. Razan kashikwa na pumu nyuma ya tangi la maji. Aliyemwona ni Bi Mardhiya, mpishi wetu wa uji — katupa mwiko, kamtia begani, mbio hadi zahanati. Midomo imegeuka rangi. Kavutishwa dawa, haikutosha, katiwa botini na mamake kwenda hospitali Amu.

Yu hai! Wamepiga simu saa kumi. Yu hai, amewekewa oksijeni.

Lakini watoto wanasema walimkimbilia Mwalimu Bochaberi kwanza. Alikuwa darasani anasahihisha madaftari. Hakwenda. Mji mzima umeshajua. Mimi siamini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemkuta stoo ya vitabu, kajikunja juu ya maboksi. Niliingia na ukali wangu wote. Kwa nini hukwenda? Watoto wamekuita!

Kaniambia hivi, na namwandika kama alivyosema: “Walikuja wanasema ndoo, Madam. Ndoo, ndoo nde! Wana zamu ya kumwagilia miche, nikajua wanataka ndoo. Nikawaambia iko nyuma ya mlango. Wakasimama tu. Nikainuka nikawapa mwenyewe. Wakaanza kulia, nikafikiri wanaigombania.”

Ya Rabbi.

Ndoo! Sisi tukimwita mtu twasema ndoo. Njoo yao, ndoo yetu. Nje yao, nde yetu. Ndia ya njia, ndaa ya njaa, ndoo — mtoto wa Pate huyanyonya haya na maziwa. Darasani hao hao wasema njoo safi kabisa, utadhani redio. Lakini mwenzao anakata pumzi mbele ya macho yao, nani atakumbuka redio?

Nikamweleza. Akalirudia kwa midomo, ndoo, njoo. Kisha: “Kwa hiyo waliniita. Wakaniita, na mimi nikawapa ndoo.”

Akainama juu ya maboksi. Nilimshika, nikamwambia si makosa yako. Ni ya nani, sikusema. Nikasema nina kipindi, nikatoka. Sikuwa na kipindi.

Jumamosi, 14 Juni

Wiyoni. Asubuhi nimekwenda hospitali. Razan ameketi, anataka mahamri, anamwuliza muuguzi kwa nini soksi zake si pacha. Nilimbusu kipaji cha uso. Nikataka kuondoka hapo hapo, lakini Bi Rawiya kanishika mkono, katoka nami ukumbini.

“Aliitwa hakuya, Bi Hindu. Kisha akawafanyia tezo watoto, akawapa ndoo!”

Nikamwambia hakufanya tezo, hakuwachezea, hakulielewa neno. Ni mgeni, huko kwao ndoo ni ndoo ya maji.

Rawiya alinitazama. Hana sauti ya juu yule mwanamke, na ndiyo mbaya zaidi. “Hakuelewa? Na nyinyi wakubwa wa skuli kazi yenu nini? Mgeni akiya hamumwambii hata neno moya? Mwampa watoto wetu hivi hivi tu?”

Nikasema tutaliangalia. Tutaliangalia! Kama karani wa kaunti. Nimeteremka ngazi bila kuaga.

Nilimhadithia Barka wakati wa chakula, yote, na mstari wa tisa. Nilitaka anigombe au anitetee, kimoja kati ya viwili. Alichosema: “Miaka tisa nakungoja urudi nyumbani, Hindu. Usinifanye mimi kadhi wa jambo hili.” Kainuka kaosha sahani. Nimekasirika naye mchana kutwa na hana kosa.

Jumatatu, 16 Juni

Mkuu kaniita. Afisa wa elimu kutoka Amu, Bwana Patroba, anakuja Jumanne ya wiki ijayo kuchunguza. Mzee wa watu amekonda wiki moja, wazazi kila siku mlangoni kwake. Faili ya manjano iko wazi mezani. Kidole chake juu ya mstari wa tisa.

“Mashaallah, Bi Hindu,” asema. “Umejikinga, na shule umeikinga.”

Alama yangu. Sahihi yangu. Sahihi yake Bochaberi, herufi za duara kama za mtoto wa nasari. Mkuu akaeleza kama anayesoma tangazo: mwalimu alifundishwa lugha na mila, ametia sahihi kwamba amefundishwa, basi lililotokea ni uzembe wake. Tathmini iseme hivyo. Hathibitishwi, anaondoka, mji unatulia. Na wewe tarehe tatu Julai una mahojiano yako ya unaibu, hakuna wa kukuuliza kitu.

Nikasema, Bwana Mkuu, siku ile mimi nilikuwa na haraka ya boti —

Akainua kiganja. “Sijasikia. Na wewe hujasema.”

Nilitoka, nikaenda choo cha walimu, nikarudi, nikatoka tena. Gredi ya Sita nimewapa imla badala ya insha. Nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtu mzima!

Jumatano, 18 Juni

Darasa la Bochaberi lina watoto thelathini na mmoja. Leo wamekuja kumi na wawili. Kawasomesha hao hao kumi na wawili, sauti ile ile, kama limejaa. Nilipita dirishani mara tatu.

Jioni baada ya alasiri nimekwenda anakokaa. Amepanga chumba kwa Bi Mardhiya. Nimewakuta uani wanachambua mchele, na kando ya Bochaberi daftari. Mardhiya anasema neno, yeye anaandika. Kitwa, kichwa. Mato, macho. Tini, chini. Kurasa nne zimejaa. Mardhiya kanitazama kwa jicho la pembeni: “Huyu mwana ana kitwa chepesi, Bi Hindu. Ni wa kuambiwa tu.” Kisha kachukua ungo wake kaingia jikoni. Alikusudia!

Bochaberi kaniambia mamake anapiga simu kila jioni, anataka arudi. Miaka minne alikaa nyumbani na cheti chake akingoja kazi, anasomesha watoto wa majirani chini ya veranda. Kisha, bila kubadilisha sauti:

“Mkuu amenionyesha mahali nilipotia sahihi kwamba nilifundishwa. Mimi nakumbuka siku ile, Madam. Ulikuwa unaenda harusi.”

Hakunitazama. Alikuwa anatoa vijiwe katika mchele.

Nikasema nitaandika barua. Nitamwambia Bwana Patroba ukweli, kabla hajakuhoji wewe. Nikaapa — wallahi nitaandika. Akasema asante, Madam. Akasema harusi ilikuwaje?

Nimemhadithia harusi! Nimekaa pale nikamhadithia kanga na pilau, mimi Hindu.

Ijumaa, 20 Juni

Sijaandika.

Jumapili, 22 Juni

Nimeanza barua mara nne. Ya kwanza ndefu, nimeeleza boti na harusi, inasomeka kama mtu anaomba ruhusa. Nimechana. Ya pili nimesema “kulikuwa na upungufu katika mafunzo”. Upungufu! Nani kapungua? Nimechana. Ya tatu Barka alipita nyuma yangu nikaigeuza chini. Ya nne niliandika vizuri, kisha nikafika penye sahihi nikasikia jirani anaita, nikaenda, hakuwa ananiita mimi.

Katikati nimeosha mapazia, nimepanga kabati la sahani, nimemgombeza muuza samaki kwa changu ambaye hakuwa na kosa lolote, si samaki si mtu.

Kusema kweli naogopa. Si kufukuzwa — sidhani watanifukuza. Naogopa Patroba kunitazama. Naogopa Julai ipite, waseme basi, Bi Hindu, baki Pate. Jumapili baada ya Jumapili na begi lile lile. Naogopa pia kitu kingine: kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua ila mtu mmoja, naye hatasema. Ndiyo inayonitia jasho. Ni njia nyepesi mno.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeandika. Mistari sita.

“Mimi, mwalimu mlezi, nilitia alama mstari wa tisa bila kumfundisha Mwalimu Bochaberi. Aliniuliza, nikampuuza. Aliniuliza tena tarehe ishirini Mei, nikamwahirisha. Asilaumiwe kwa neno ambalo sikumwambia. Ni mwalimu bora kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake. Nastahili kuulizwa mimi.”

Nimetia sahihi. Nimetia bahashani. Mchana nilipitia darasani kwake nimwambie — kumbe Mkuu kamwita. Baada ya kipindi sikumwona. Basi, kesho. Afisa atanihoji mimi kwanza kwa kuwa ndiye mlezi, nitampa bahasha mkononi, kwisha. Leo nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumanne, 24 Juni

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Daftari liko magotini. Nisipoandika nitasimama, nikisimama nitatembea, na Mkuu ameshaniambia mara mbili nikae.

Hajanihoji mimi kwanza. Kamwanza Bochaberi! Nilifika saa mbili na dakika tano, mlango umeshafungwa. Nikamwambia Mkuu nina kitu cha kumpa afisa, akasema ngoja zamu yako.

Dirisha la ofisi halina kioo, ni nondo tu. Kila neno latoka.

Patroba ana sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kusikiliza. Kamwuliza habari ya ndoo, kaeleza, hakulia. Kamwuliza fomu. Nikasogea ukingoni mwa benchi. Sasa atasema, nikajiambia. Nikaona hata raha — na aseme, aseme tu, mimi nije nithibitishe.

“Nilifundishwa,” asema Bochaberi.

Sikusikia vizuri, nikadhani. Patroba naye akauliza tena. Mstari wa tisa, mwalimu, lugha ya wenyeji?

“Ndiyo. Bi Hindu alinifundisha. Tulikaa saa nzima. Aliniambia kabisa kwamba ndoo ni njoo. Mimi ndiye niliyesahau.”

Saa nzima! Kaongeza chumvi! Mimi ambaye sikumpa dakika!

Nikasikia Patroba kaweka kalamu mezani. Kisha kasema polepole: una hakika? Maana ukisema hivi mimi nitaandika uzembe, sina njia nyingine. Nina hakika, bwana, ajibu Bochaberi. Basi andika hapo chini kwa mkono wako, na utie sahihi. Nikasikia kiti. Nikasikia karatasi inageuzwa. Nilitaka kupiga kelele, nikaishia kuukumbatia mkoba. Mkuu kasimama kizingitini na mikono nyuma, anatazama uwanja.

Bochaberi katoka. Kaketi pembeni yangu, kajipanga nguo vizuri kama anayesubiri boti. Nikamwuliza kwa mnong'ono umefanya nini wewe? Umefanya nini!

“Niliingoja barua yako, Madam. Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu. Jana Mkuu aliniita, nikamwuliza, akaniambia wewe hujaleta kitu na hutaleta. Nikaona heri abaki mmoja wetu. Wewe watoto wanakuelewa.”

Nikafungua mkoba. Nikamwonesha bahasha. Jina la Patroba juu, mwandiko wangu.

Kaiangalia. Kaniangalia. Rangi yote ikamtoka usoni, ndipo nami nikaelewa: nikimpa Patroba barua hii sasa, tumekuwa waongo wawili, mimi wa mwezi wa tano, yeye wa dakika tano hizi, kwa mkono wake na sahihi yake, mbele ya afisa. Mwalimu wa majaribio anayemdanganya afisa hapewi barua ya onyo, anafukuzwa. Na nisipompa, yeye ni mzembe aliyekaribia kuua mtoto. Siku moja mapema! Ningeandika Alhamisi!

Patroba amefungua mlango. Anasema, Bi Hindu, karibu.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeishika bahasha, na Bochaberi ameishika upande wa pili, anasema Madam, tafadhali, tafadhali, na haiachii.